Kiraka cha FreeBSD: nipime nini kabla ya kutuma ili bildi isivunjike kwa wengine?

Elgon32 (Mbale)

Habari za kazi wakuu. Nina kiraka cha FreeBSD (mfumo endeshi), tawi la main, nataka kukipeleka kwa wakaguzi. Kinagusa sehemu tatu:

- dereva wa kadi za Realtek, `sys/dev/re`, pamoja na faili jipya `re_stats.c`;
- heda moja ndani ya `sys/sys`, ambapo struct imeongezewa uga wa `uint64_t`;
- programu mpya ndogo ndani ya `usr.bin` inayosoma uga huo na kuuchapisha kwa printf.

Kwangu `make` ndani ya saraka ya programu inapita, `make buildkernel` ya GENERIC (konfigi ya kawaida ya kerneli) inapita, na kadi inafanya kazi. Ila hiyo ni amd64 tu, konfigi moja, mashine moja. Laptopu ni ya mtumba, kori 4, RAM 8 GB, SSD. Umeme wa huku mnaujua. `make universe` nzima, yaani kujenga kila kitu kwa kila aina ya prosesa, kwa mashine hii ni ndoto.

Nipime nini hasa, na kwa mpangilio gani? Siulizi namna ya kupima kila kitu. Nauliza ni vipimo gani vinanasa makosa ya kiraka cha aina hii.

---

MakeSafi (Jinja)

Tuanze na hiyo `make` ndani ya saraka, maana inadanganya. Ukiiendesha pale, kompaila inasoma heda za `/usr/include` ya mashine yako na kuunganisha na maktaba za `/usr/lib`. Haiangalii `/usr/src/sys/sys` hata kidogo. Sasa uga wako ni mpya. Kama programu inakompailika, maana yake `/usr/include/sys` yako tayari ina heda iliyobadilishwa: ama uliinakili kwa mkono, ama ulishafanya installworld, yaani kusakinisha mfumo uliojengwa. Kwa hiyo kipimo hicho hakijasema lolote kuhusu mti wa kodi wenyewe.

`buildworld`, amri ya kujenga mfumo wote ukiacha kerneli, inakwenda kwa njia nyingine. Inajenga kwanza vifaa vyake, kisha hatua ya 4.1 inaweka heda za mti wako ndani ya `/usr/obj/usr/src/amd64.amd64/tmp`, hatua ya 4.2 inajenga maktaba kwa heda hizo, halafu ndipo programu. Hicho ndicho kipimo. Ukitaka kuhangaika na programu moja bila kurudia yote, fanya buildworld mara moja kisha `make buildenv` ukiwa `/usr/src`. Utapata sheli ambayo `make` yake inatumia heda na maktaba za mti, si za mashine. Ukigusa heda tena, rudia buildworld, kwa sababu buildenv inasoma nakala iliyoko tmp na nakala hiyo haijibadilishi yenyewe.

Jambo la pili, na kwa kiraka chenye mafaili mapya ni la kwanza: pima kilichomo ndani ya git, si kilichomo ndani ya saraka yako. `re_stats.c` isiyoongezwa kwa `git add` inakompailika vizuri sana kwako na haipo kabisa kwa mwenzako. Dawa:

```
cd /usr/src
git status --short
git worktree add /usr/src-safi HEAD
cd /usr/src-safi
make -j4 SRCCONF=/dev/null __MAKE_CONF=/dev/null buildworld > /var/tmp/world.log 2>&1
echo $?
```

Worktree haipakui kitu mtandaoni, inatumia hazina ile ile ya git. Na kwa kuwa njia ya saraka ni nyingine, matokeo yanakwenda `/usr/obj/usr/src-safi`, hayachanganyiki na masalia ya kazi yako ya kila siku. Faili la `.o` lililobaki kutoka jana linaweza kuficha kwamba chanzo chake kimefutwa leo.

Hizo `SRCCONF` na `__MAKE_CONF` ni kwa sababu karibu kila mtu ana `/etc/src.conf` yenye `WITHOUT_` kadhaa za kupunguza muda. `WITHOUT_LIB32` ndiyo inayouma zaidi hapa. Kwenye amd64, buildworld ya kawaida hujenga maktaba za biti 32 pia, kwa hiyo unapata kipimo cha biti 32 bure. Ukiizima, umekitupa.

Usipitishe logi kwenye `tee` halafu ukaamini `$?`, utapata jibu la tee. Na ukiwa na `-j4`, kosa halisi haliko mwishoni mwa logi. Kazi nyingine tatu ziliendelea kuandika baada yake. Tafuta la kwanza:

```
grep -n -m1 'error:' /var/tmp/world.log
```

Halafu hakikisha programu yako imo kwenye `SUBDIR` ya `usr.bin/Makefile`. Isipokuwemo, buildworld itapita vizuri kabisa kwa sababu haitaigusa. Tazama kwenye logi kama jina lake linaonekana.

---

Njia32 (Mbarara)

MakeSafi kagusia biti 32, mimi niongeze. Uga wa `uint64_t` uliochapishwa kwa printf ni kosa linalovunja armv7 (ARM ya biti 32) kila siku. Kwenye amd64 `uint64_t` ni `unsigned long`, kwa hiyo `%lu` inapita bila onyo. Kwenye armv7 na i386 ni `unsigned long long`, na kodi ya kerneli pamoja na sehemu kubwa ya mti inakompailiwa kwa `-Werror`. Onyo la fomati linakuwa kosa, bildi inasimama. Andika hivi, inapita kote:

```
printf("%ju\n", (uintmax_t)st.rx_drops);
```

Kwa `size_t` tumia `%zu`. Ukiwa na kielekezi unachokigeuza kuwa namba, pitia `uintptr_t`, si `uint64_t` moja kwa moja.

Makosa yanayopita kompaila lakini yanaharibu kazi ni mabaya zaidi. Mawili ya kuangalia kwenye kiraka chako:

Kwanza, `char`. Kwenye x86 ina alama ya kutoa, kwenye ARM na PowerPC haina. Ukihifadhi jibu la `getopt` ndani ya `char ch` na kulinganisha na -1, kwenye ARM thamani inakuwa 255, haifiki -1 kamwe, na programu inazunguka bila mwisho. Tumia `int`.

Pili, mpangilio wa struct. Kwenye i386 `uint64_t` inapangwa kwa mipaka ya baiti 4. Kwenye amd64 na armv7 ni baiti 8. Kama kabla ya uga wako kuna baiti 12, i386 itauweka kwenye baiti ya 12 na amd64 kwenye ya 16. Programu ya biti 32 inayoendeshwa juu ya kerneli ya amd64 itasoma takataka, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Jaza pengo mwenyewe kwa `uint32_t`, kisha weka `_Static_assert` ya `offsetof` ili mtu akija kuhamisha nyuga bildi imkatalie pale pale.

Kujenga kerneli ya armv7 hakuhitaji buildworld yake yote. Inatosha:

```
make -j4 TARGET=arm TARGET_ARCH=armv7 kernel-toolchain
make -j4 TARGET=arm TARGET_ARCH=armv7 KERNCONF=GENERIC MODULES_OVERRIDE=re buildkernel
```

Majina hayo yanakuja mawili mawili: arm na armv7, arm64 na aarch64, powerpc na powerpc64, riscv na riscv64. `make targets` inakuorodheshea yanayokubalika kwenye mti ulio nao.

Mwanzoni mwa logi soma mstari unaoanza na `SYSTEM_COMPILER:`. Ukisema `Determined that CC=cc matches the source tree`, kompaila ya mashine yako inatosha, kwa sababu clang moja inatoa kodi ya prosesa zote. Usipouona, mti una clang mpya kuliko yako, na itabidi ijengwe kwanza. Kwa kori 4 hiyo ni kazi ya saa nyingi kabla hujafika kwenye mstari wako hata mmoja. Hapo ni afadhali kusasisha mashine yenyewe kwanza, ndipo uanze kupima.

Tahadhari moja: kama ulijenga mfumo wako kwa `WITHOUT_LLVM_TARGET_ALL`, clang yako inajua prosesa yako tu. Haitaweza armv7.

---

kldload_tu (Entebbe)

Mimi naona wote mmeruka moduli (sehemu za kerneli zinazopakiwa baadaye), na huko ndiko faili jipya la dereva linakoleta shida.

Chanzo kipya cha dereva kinaandikwa mahali pawili. `sys/conf/files`, kwa ajili ya kerneli yenye dereva ndani yake:

```
dev/re/re_stats.c	optional re
```

na `sys/modules/re/Makefile`, kwenye `SRCS`, kwa ajili ya `if_re.ko`. Ukisahau pa kwanza, GENERIC inagoma wakati wa kuunganisha na utaona mara moja. Ukisahau pa pili, hakuna kinachogoma. Moduli inaruhusiwa kuwa na alama zisizojulikana, kwa sababu nyingi ziko kwenye kerneli, basi inajengwa kimya. Inakuja kufa kwa mtumiaji akifanya kldload (kuipakia), na dmesg inamwambia symbol fulani undefined.

Na usijaribu kukinasa kosa hilo kwa kuwasha GENERIC. GENERIC ina `device re` ndani, kwa hiyo ukipakia `if_re.ko` utaambiwa tayari imo. Njia mbili zinafaa. Ya haraka, bila kuwasha chochote:

```
nm /usr/obj/usr/src-safi/amd64.amd64/sys/GENERIC/modules/usr/src-safi/sys/modules/re/if_re.ko | grep ' U re_'
```

Jina lolote la kazi (function) yako likitokea na U, yaani halijulikani, chanzo chake hakimo kwenye moduli. Ya uhakika ni kujenga `KERNCONF=MINIMAL`, ambayo madereva ya mtandao hayamo ndani, uiwashe kwenye mashine pepe au laptopu yenyewe, ndipo upakie moduli.

Ukitumia `#ifdef INET` au chaguo lolote la namna hiyo ndani ya faili jipya, weka pia `opt_inet.h` kwenye `SRCS` ya moduli. Vivyo hivyo `device_if.h`, `bus_if.h`, `pci_if.h`: hazipo kwenye mti, zinazalishwa wakati wa bildi, na moduli isiyozitaja itakuambia faili halipatikani.

Sasa konfigi. GENERIC ya main ina INVARIANTS na WITNESS, chaguo za kerneli kujikagua inapoendeshwa. GENERIC-NODEBUG haina. Kigeugeu kinachotumika ndani ya `KASSERT` peke yake kinakuwa hakina kazi mara INVARIANTS ikiondoka, na kompaila inanung'unika. Kitangaze kwa `__diagused`. Kinyume chake pia hutokea: kodi iliyoko ndani ya `#ifdef INVARIANTS` haijawahi kuonwa na kompaila kwa anayejenga NODEBUG tu. Jenga zote mbili, na LINT:

```
make -j4 KERNCONF="GENERIC GENERIC-NODEBUG LINT" MODULES_OVERRIDE=re buildkernel
```

LINT si ya kuwasha. Imewashiwa karibu kila chaguo na kila dereva ili kompaila ipite kwenye kodi ambayo GENERIC haiifikii. Kama unagusa mambo ya IP, ongeza LINT-NOINET, LINT-NOINET6 na LINT-NOIP; ndizo zinazonasa `#ifdef` iliyofungwa mahali pabaya. Kwa takwimu za kadi tu, ningeziacha.

`MODULES_OVERRIDE=re` ni ya kazi ya katikati. Mzunguko wa mwisho uwe bila hiyo, kwa sababu umegusa heda ya `sys/sys`, na heda hiyo inasomwa na moduli ambazo hujawahi kuzisikia.

---

UmemeUkirudi (Kampala)

Ssebo Elgon32, hayo yote ni sawa, lakini kwenye mashine ya mtumba kuna adui anayetangulia kodi: saa.

Betri ndogo ya CR2032 ikifa, umeme ukikatika na laptopu ikazima kabisa, tarehe inarudi nyuma miaka. `make` inaamua nini kijengwe kwa kulinganisha muda wa faili. Ukihariri `re_stats.c` wakati saa imerudi nyuma, chanzo kinaonekana cha zamani kuliko `.o` iliyopo, make inakiruka, bildi inapita, na wewe umepima kodi ya jana. Upande wa pili, ukijenga saa ikiwa mbele kisha ikarekebishwa, installworld inaweza kuanza kukompaili katikati ya kusakinisha na kufa ikidai haioni `cc`. Kabla ya kila bildi andika `date`. Na hii iwe ya kudumu:

```
sysrc ntpd_enable=YES ntpd_sync_on_start=YES
service ntpd start
```

Betri yenyewe inapatikana duka lolote la vifaa vya umeme, ibadilishe.

Kukatika kwa umeme katikati ya bildi: ukikatiza mwenyewe kwa Ctrl-C, make inafuta faili ililokuwa inaliandika na unaweza kuendelea pale ulipoishia. Mashine ikizima ghafla, hakuna anayefuta. Kwenye UFS hasa utakuta mafaili yenye baiti sifuri ambayo make inayaona kuwa yamekamilika, na kosa linajitokeza mbali kabisa, wakati wa kuunganisha. Mashine ikirudi:

```
find /usr/obj -type f -name '*.o' -size 0 -print -delete
```

Ukiona bado linaunganisha kwa malalamiko ya ajabu kuhusu `.a`, usipoteze muda kuchunguza. Futa saraka ya obj ya sehemu hiyo, au yote. Na obj usiiweke kwenye tmpfs huku kwetu, hata kama RAM ingeruhusu.

Kuhusu RAM: 8 GB na `-j4` inatosha kwa kerneli bila wasiwasi. Kwa world, sehemu ya LLVM (kompaila) ndiyo inayobana. Ukikuta `Killed` kwenye logi bila kosa la kodi, angalia dmesg. Ikiwa imeandikwa `was killed: failed to reclaim memory`, kiraka chako hakina hatia. Punguza hadi `-j2`, na kama unatumia ZFS ibane akiba yake:

```
sysctl vfs.zfs.arc_max=1073741824
```

Kwa kuwa hujagusa kompaila, unaweza kuiruka kabisa kwenye bildi ya kupima: `WITHOUT_CLANG=yes WITHOUT_LLD=yes WITHOUT_LLDB=yes` kwenye mstari wa amri. Kwenye mstari wa amri tu! Ukiziweka `/etc/src.conf`, ukasahau, ukafanya installworld na `delete-old`, kompaila itafutwa kwenye mashine na huna cha kujengea nyingine.

Kwa mizunguko ya kila siku weka `WITH_META_MODE=yes` ndani ya `/etc/src-env.conf` na upakie `filemon`. Hapo make inajua kila faili lililosomwa na kila amri iliyotumika, na inarudia kinachohusika tu. Ndiyo tofauti kati ya kusubiri chai na kusubiri usiku.

---

Elgon32 (Mbale)

Asanteni sana, hasa hiyo ya `nm`. Mawili yamebaki.

Moja: kldload_tu anasema heda ya `sys/sys` inasomwa na kila mtu. Je, hapo tinderbox (universe inayoorodhesha zilizoshindwa) haikwepeki? Au armv7 na amd64 zinatosha?

Pili: main inasonga kila siku, na mimi natumia bando la simu. Nikisema nivute kila mara kabla ya kupima, bando linaisha kabla ya kazi.

---

MakeSafi (Jinja)

La tinderbox: kwa heda ya `sys/sys` mimi ningeiendesha, ila ya kerneli peke yake na bila amd64 ambayo umeshaimaliza.

```
make tinderbox MAKE_JUST_KERNELS=yes TARGETS="arm arm64 powerpc riscv" JFLAG=-j4
```

Tofauti yake na universe ni kwamba universe inamaliza kwa utulivu hata kama kuna zilizoshindwa, na wewe utafute mwenyewe. Tinderbox inatoa orodha ya zilizoshindwa na kutoka na hali ya kosa, kwa hiyo inafaa kwenye skripti. `JFLAG` inapelekwa kwenye kila bildi ya ndani huku prosesa zikienda moja baada ya nyingine. Kwa RAM yako hilo ndilo unalotaka. Zote mbili zinajenga kila konfigi isiyo na neno `NO_UNIVERSE`, ndiyo maana zinachukua muda. Laptopu isipoweza, omba mwenye seva akuendeshee. Kiraka ni faili moja tu la kutuma.

Njia32 hatapenda, lakini kama umeongeza uga mwishoni mwa struct na hukubadilisha chochote kingine, armv7, amd64 na moja ya baiti kubwa mwanzoni, yaani powerpc64, zinakamata karibu yote ambayo kompaila inaweza kukamata.

---

Njia32 (Mbarara)

Nakubali kwa uga wa mwishoni. Sikubali ikiwa struct hiyo imewekwa ndani ya struct nyingine, kwa sababu hapo "mwishoni" ni katikati ya mtu mwingine. Endesha `git grep 'struct jina_lake'` kabla ya kuamua. Ikitokea hivyo, moduli za nje ya mti, kwa mfano za drm (michoro) kutoka ports (mkusanyo wa programu za ziada), zitahitaji kujengwa upya, na `__FreeBSD_version` ndani ya `sys/sys/param.h` inapaswa kupanda ili ports zijue. Waulize wakaguzi kabla ya kuipandisha mwenyewe.

---

kldload_tu (Entebbe)

Msisahau kusakinisha. Bildi inaweza kupita na installworld ikavunjika, na hilo nalo ni kuvunja bildi. Programu mpya yenye majaribio inahitaji saraka yake ndani ya `etc/mtree/BSD.tests.dist`; isipotajwa, `install` inalalamika kwamba njia haipo. Pima bila kugusa mfumo wako:

```
make installworld DESTDIR=/var/tmp/dest SRCCONF=/dev/null __MAKE_CONF=/dev/null
```

Kiraka kikifuta faili lililokuwa linasakinishwa, jina lake linaingia `ObsoleteFiles.inc`. Chako hakifuti, pita.

Kerneli ya majaribio iweke jina lake:

```
make installkernel KERNCONF=MINIMAL INSTKERNNAME=kernel.jaribio
nextboot -k kernel.jaribio
```

Inawaka mara moja tu. Ikianguka, kuwasha kunakofuata kunarudi kwenye ya zamani. Usitegemee `/boot/kernel.old` peke yake. Ukiwasha kerneli mbovu kisha ukasakinisha nyingine juu yake, ile mbovu ndiyo inayohifadhiwa kama old, na nzuri imekwenda.

Na kama kiraka kimegawanywa kwenye komiti kadhaa, kila moja ijengeke peke yake, la sivyo anayefanya `git bisect` (kusaka komiti iliyoleta kosa) mwakani atakwama kwenye yako:

```
git rebase -x 'make -s -j4 buildkernel MODULES_OVERRIDE=re' origin/main
```

Inasimama kwenye komiti ya kwanza inayoshindwa.

---

UmemeUkirudi (Kampala)

La bando: gharama kubwa ni ya kuvuta mara ya kwanza, na hiyo umeshailipa. `git fetch` ya siku chache inaleta tofauti tu, si mti mzima. Anayeanza sasa avute kidogo kidogo, kwa sababu clone iliyokatika haiendelei, inaanza upya:

```
git clone --depth 1 https://git.freebsd.org/src.git /usr/src
git fetch --deepen 500
```

Rudia ya pili kila bando linaporuhusu. Clone ya `--filter=blob:none` inavutia kwa wepesi wake, lakini kila `git blame` na bisect inarudi mtandaoni kuomba mafaili, na ukiwa nje ya mtandao inakwama. Mkiwa wawili watatu ofisini au chuoni, mmoja avute na wengine wafanye clone kutoka kwake kwa LAN.

Wala huhitaji kuvuta kabla ya kila kipimo. Fanya kazi yote juu ya msingi mmoja. Siku ya kutuma, `git fetch`, kisha uone kama wengine wamegusa ulipogusa:

```
git log --oneline HEAD..origin/main -- sys/dev/re sys/sys sys/conf/files sys/modules/re usr.bin/Makefile
```

Ikirudi tupu, rebase na buildkernel moja ya GENERIC inatosha. Ikileta komiti za `sys/sys`, rudia armv7 na LINT. Zikiwa zimegusa `if_re.c` yenyewe, anza tena kwenye worktree.